Mkeka, Samadari na Meza ya Kioo

Mwaka 1886 Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja aliyekuwa ameolewa na kuhamia Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alichapisha mjini Berlin kumbukumbu za maisha yake. Miongoni mwa mambo aliyowaeleza wasomaji wa Ulaya ni jinsi chumba cha watu wenye uwezo kilivyopambwa Unguja katika karne ya 19. Sakafu ilitandikwa mazulia ya Kiajemi au mikeka laini. Ukutani mlikuwa na vishubaka vilivyopangwa vyombo vya kioo na kauri, pamoja na vioo vikubwa vya kujitazamia na saa zilizoletwa kutoka Ulaya. Makabati hayakujulikana, nguo na vito vilikaa ndani ya makasha mazito yaliyopambwa kwa misumari mingi ya shaba. Kitanda, yaani samadari, kilikuwa cha mbao za Kihindi zilizochongwa kwa ustadi, kirefu kiasi kwamba mtu alihitaji kukanyaga kiti au kushikwa mkono ndipo apande, na mvunguni mwake aliweza kulala mtu mwingine, yaya wa mtoto kwa mfano, au mwuguzi wa mgonjwa.

Maelezo hayo husomwa zaidi kwa ajili ya utajiri uliomo. Lakini yana ushahidi mwingine ambao wanaoandika historia ya nyumba zetu huupita haraka. Chukua chumba hicho, kisha uliza mtoto wa mwaka mmoja na nusu angeweza kuvunja nini humo, kuangukia nini na kupanda wapi. Majibu ni machache kuliko unavyotarajia kwa chumba kilichosheheni vitu vya thamani. Vinavyovunjika viko ukutani. Vilivyo chini ni vizito na havipinduki. Palipobaki wazi ni zulia au mkeka, na mtu mzima anapoketi hapo anakuwa kimo kimoja na mtoto. Hoja yangu ni kwamba nyumba za mwambao, za mawe na za udongo, zilimfaa mtoto mdogo kwa sababu samani za wakubwa zilimwachia sakafu, wala hazikuhitaji kuwa na samani zake maalumu. Sebule tuliyoijenga katika karne ya 20 ilimnyang'anya sakafu hiyo, na sasa wazazi wanazunguka madukani wakitafuta vifaa vya kumfidia.

Tuanze na mkeka, maana ndio ulioibeba nyumba hiyo. Mkeka wa ukindu husukwa kwa makuti machanga ya mkindu yaliyochanwa, kukaushwa na pengine kutiwa rangi. Msukaji hutoa ukili mrefu, kisha ukili huo huzungushwa na kushonwa hadi mkeka utimie. Jamvi ni la miyaa, gumu na pana zaidi, la shughuli na la watu wengi. Sifa iliyoufanya mkeka utawale ni wepesi wake. Asubuhi unakunjwa na kusimamishwa pembeni, mchana unatandikwa chini ya mwembe, jioni unarudi ndani. Ukimwagikiwa uji unafutwa, ukichafuliwa na mtoto unaoshwa na kuanikwa juani, ukichakaa unasukwa mwingine na mtu wa nyumba hiyo hiyo au wa jirani. Sioni samani nyingine iliyowahi kutumika mwambao inayokidhi mambo yote hayo, na yote ni mambo ambayo mzazi wa mtoto mdogo huyahitaji kila siku. Viatu kuvuliwa mlangoni kulikuwa sehemu ya utaratibu huo, kwa kuwa mkeka ulikuwa kiti, meza na uwanja wa mtoto kwa pamoja.

Kitanda cha kawaida nacho kilikuwa chombo cha kubebeka. Matendegu manne, mifumbati miwili, vitakizo viwili, kisha kuwambwa kwa kamba za minazi au kwa ukili. Kamba zikilegea, kitanda kinaingia tumbo, na bara watu wakakipa jina la utani la teremka tukaze. Kwa mtoto aliyeachishwa kunyonya, tumbo hilo lilikuwa na manufaa yasiyokusudiwa: anayelala humo huvutwa kati, haviringiki kuelekea ukingoni. Kwa mchanga wa miezi miwili lilikuwa baya, kwa sababu uso wake ungeweza kuzama kwenye nguo au ubavuni mwa mama, na sitaki sifa za zamani zifunike hilo. Mvungu nao ulikuwa ghala. Methali ya mtaka cha mvunguni isingezaliwa katika nyumba ambazo vitu havikuwekwa mvunguni, na mtoto ndiye mtu pekee aliyevifikia bila kuinama. Ndiyo maana vilivyowekwa huko vilikuwa aghalabu vyungu, mafurushi, ndara na kuku anayelalia, na vyombo vya thamani vilitafutiwa pengine.

Hapo pengine palikuwa juu. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate, nyingi zikiwa za karne ya 18, chumba cha ndani kilikuwa na ukuta mzima wa zidaka, safu juu ya safu zilizochongwa kwenye lipu ya chokaa, ambamo ziliwekwa sahani na bakuli za kauri zilizokuja kwa biashara ya baharini. Wanahistoria wamejadili mengi kuhusu zidaka: heshima ya mwenye nyumba, usafi wa chumba, kinga dhidi ya jicho baya. Sipingi lolote kati ya hayo. Naongeza tu kwamba safu zake za juu hazikufikika ila kwa mtu mzima, na kwamba chombo kilichowekwa ndani ya ukuta hakipinduliwi kwa kuvuta kitambaa. Vyumba vyenyewe vilikuwa vyembamba. Upana wake uliamuliwa na boriti za mikoko zilizobeba dari, na boriti hizo haziruhusu chumba kuzidi sana mita 3. Kitanda kilikaa mwisho wa chumba nyuma ya pazia, na sehemu iliyobaki haikuweza kuvumilia samani ya kuzungukwa. Kiti cha enzi cha mpingo, chenye njumu za pembe na mgongo uliofumwa kwa uzi, kilitolewa kwa mgeni wa heshima, na kiliweza kufunguliwa vipande na kuwekwa kando. Anayekiona leo katika makumbusho ya Lamu, kimetengwa peke yake, hupata picha ya nyumba iliyojaa viti. Nyumba hiyo haikuwapo.

Katika nyumba za miti na udongo, ambazo ndizo walizoishi watu wengi zaidi, kazi ya zidaka ilifanywa na susu, chombo cha kamba kilichotungikwa darini. Lilibeba chakula kilichobaki, mbali na paka, panya na mikono midogo. Susu la namna hiyo, likifumwa pana, lililaza pia mtoto mchanga, akabembezwa huku mama akichambua mchele. Kwa hiyo walau kitu kimoja cha mtoto kilikuwapo. Nacho pia hakikuchukua nafasi chini. Kabla ya hapo na baada ya hapo kulikuwa na mbeleko, maana mtoto wa miezi ya mwanzo hakuwekwa popote kwa muda mrefu, alifungwa mgongoni.

Msomaji makini atauliza hapa kama ninachosifu ni samani au ni watumwa. Ni swali la haki, na linaihusu hasa nyumba ya Salme. Katika nyumba za waungwana wa Unguja, Mombasa na Lamu, mtoto hakuachwa peke yake na samani. Alikuwa na yaya, aghalabu mjakazi, ambaye kazi yake ilikuwa kumfuata kila aendako. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922, na yeyote anayetaka kuirudisha sebule ya zamani bila kutaja mikono iliyoilinda anasimulia nusu ya habari. Samadari ni ushahidi mzuri wa jambo hili. Kitanda kinachopandwa kwa kiti ni kitanda cha hatari kwa mtoto yeyote aliyejifunza kupanda, na nyumba iliweza kukimudu kwa sababu mtu alilala mvunguni mwake. Usalama huo ulilipiwa na mtu asiyelipwa.

Hata hivyo pingamizi hili haliwezi kuubomoa utaratibu wote. Mvuvi wa Pemba na mkulima wa Mrima hawakuwa na mjakazi wala samadari, lakini walikuwa na mkeka, kitanda cha kuwamba, susu na kigoda kifupi cha kukalia jikoni. Mpango ni ule ule wa chumba cha kasri: kinachovunjika juu, kizito au kinachokunjika chini, katikati wazi. Kilichotofautiana ni bei ya vitu. Nyumba tajiri na nyumba fukara zikikubaliana kiasi hicho, haitoshi kusema ni anasa ya wenye watumwa, wala haitoshi kusema ni ukata wa wasiojiweza. Upungufu wa mbao za seremala haukumzuia maskini kutengeneza meza ya fito kama angeiona ina kazi, maana alitengeneza vichanja vya kukaushia samaki na vya kuwekea vyombo uani kwa fito hizo hizo.

Pingamizi zito zaidi linatoka katika tiba. Sakafu ya udongo ilikuwa mahali pa kuugua. Papasi walijificha katika nyufa zake na katika vumbi la pembeni, wakatoka usiku kuwauma waliolala chini na kuwatia homa ya kurudiarudia. Mnamo 1905 Robert Koch aliufuatilia ugonjwa huo katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, akawakuta papasi kwenye sakafu za vibanda walimolala wapagazi katika njia za misafara. Mwaka huo huo Dutton na Todd walikuwa wakifikia majibu kama hayo huko Kongo, na Dutton alifia katika kazi hiyo. Kabla hilo halijaeleweka vizuri alikuwa ameshawasili mgeni mwingine. Funza wa kuingia vidoleni hakuwa wa Afrika ya Mashariki. Alifika Ambriz, Angola, mwaka 1872, ndani ya mchanga wa meli iliyotoka Brazili, akasambaa na misafara na majeshi kulikata bara zima, na kabla ya karne ya 19 kwisha akawa amefika pwani ya Bahari ya Hindi. Mtoto anayetambaa na kucheza vumbini ndiye aliyeathirika mapema. Ongeza mafiga matatu ya jikoni, na sufuria inayochemka mahali ambapo kichwa cha mtoto kinafika, na madaktari wa kikoloni waliohubiri vitanda na viti hawaonekani tena kama watu waliotaka tu kuwalazimisha Waafrika waishi kizungu.

Hayo yote nayakubali, isipokuwa hitimisho lake. Dawa ya papasi na funza ilikuwa sakafu nyingine: chokaa iliyosakafiwa, kisha saruji. Wala desturi ya zamani haikuwa kulala udongoni; usiku watu walioweza walipanda kitandani, na papasi ni wa usiku. Mchana mkeka uliwatenga na vumbi, ukakung'utwa na kuanikwa. Mafiga nayo yalikuwa uani au katika banda la jiko, na hatari yake haikuondoka pale viti vilipoingia ukumbini, wala haijaondoka leo, kwani jiko la mkaa lingali linawekwa chini kwenye korido na baraza za nyumba zenye makochi ya bei kubwa. Ajabu ni kwamba saruji ilipopatikana kwa wingi, kiwanda cha Bamburi kikianza uzalishaji mwaka 1954 na cha Wazo Hill mwaka 1966, na sakafu hatimaye ikawa safi na rahisi kupiga deki, ndipo tulipoanza kuifunika kwa samani. Mtoto alipata sakafu bora kuliko aliyoitambaa babu yake, kisha akakosa pa kuitambalia.

Mabadiliko yenyewe yalikuja kwa njia nyingi, na hayakuanza na matajiri peke yao. Reli ya Uganda, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, ilileta mafundi wa Kihindi, miongoni mwao Makalasinga waliokuwa maseremala hodari, na karakana zao Nairobi, Kampala na Mombasa zikafundisha vijana wengi kuunga mbao kwa njia mpya. Nyumba za watumishi wa serikali zilipewa viti na meza za miguu mizito. Karani au mwalimu aliyehamia nyumba ya namna hiyo alijifunza kwamba mgeni wa kuheshimika hupokewa kitini. Vyama vya wanawake vikaongeza ushonaji na mapambo ya nyumba. Maendeleo ya Wanawake, kilichoanzishwa Kenya mwaka 1952, kilifundisha usafi, mapishi na kazi za sindano, na humo ndimo ulimonawiri ufundi wa vitambaa vya kutandika juu ya meza na migongo ya makochi, ambavyo hadi leo ni fahari ya mama wa nyumba na shabaha ya kwanza ya mtoto anayejifunza kusimama. Akikishika kitambaa kinachoning'inia, chombo kilichowekwa juu yake kinamfuata.

Wakati samani zinakua, vyumba vilikuwa vinapungua. Nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam, yenye korido katikati na vyumba pande mbili, na ua kwa nyuma, iligeuka kuwa nyumba ya kupangisha ambamo familia nzima hukaa chumba kimoja. Kitanda kikubwa, pazia, kabati, makochi mawili na meza vikiingia humo, sakafu inayobaki inatosha kupitisha miguu. Uani ndiko mtoto alikokulia, pamoja na watoto wa wapangaji wengine, na ua huo uliwaokoa wengi. Walipohamia nyumba za ghorofa, au nyumba zilizozungushiwa ukuta na uwanja wote ukamwagwa zege kwa ajili ya gari, ua ukapotea na sebule ikabaki kuwa mahali pekee. Ni chumba kilichotayarishwa kwa ajili ya mgeni anayekuja mara moja kwa mwezi, kinatumiwa na mtoto saa 10 kwa siku.

Kisha ikaja televisheni. Kenya ilianza matangazo mwaka 1962, na Zanzibar ikawa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilingoja hadi 1994. Kwa hiyo katika sehemu kubwa ya Tanzania sebule ilipangwa upya kwa ghafla, ndani ya muda mfupi, makochi yote yakageuzwa kuelekea ukuta mmoja. Kabati la kuibebea likawa samani ya heshima. Televisheni za chogo zilikuwa na uzito mwingi mbele, kwenye kioo, na kabati refu lenye droo ni ngazi kwa mtoto wa miaka miwili. Akivuta droo mbili na kukanyaga ya chini, uzito wote unahamia upande wake. Televisheni bapa ni nyepesi, ila husimama kwa vijiguu vyembamba na hupinduka kwa kusukumwa tu. Wajenzi wa Pate, waliochimba zidaka zao ndani ya ukuta, hawakuwa na tatizo hili.

Kufunguliwa kwa biashara nchini Tanzania katikati ya miaka ya 1980 kulileta pia samani kutoka nje, kwanza Dubai, baadaye China, na ndani ya makontena hayo ilikuwamo meza ya kioo. Sijui samani nyingine iliyokubalika haraka hivyo na watu wenye watoto wadogo huku ikiwafaa vibaya hivyo. Urefu wake ni kama sentimita 45. Mtoto wa mwaka mmoja ana kimo cha sentimita 75 hivi, kwa hiyo ukingo unamgusa kifuani akisimama, na akijikwaa unampata kinywani au kwenye paji la uso. Kioo cha kawaida kikipasuka hutoa vipande virefu vyenye ncha. Kile kilichopashwa moto na kupozwa ghafla kiwandani husambaratika kuwa punje ndogo zisizokata sana, lakini mnunuzi wa kawaida hana njia rahisi ya kuvitofautisha kwa macho, na muuzaji wa barabarani mara nyingi hana habari. Meza hiyo inasimama katikati kabisa ya chumba, pale pale palipokuwa pa mkeka.

Mtetezi wa makochi ana la kusema, na ni la kweli. Bibi mwenye magoti mabovu hawezi kuketi mkekani, na mama aliyejifungua kwa kupasuliwa hawezi kuinuka kutoka chini mara 20 kwa siku. Nyumba bila viti huwafukuza wazee, na wazee ndio walezi. Lakini hoja hii inatetea viti. Haitetei meza ya katikati, wala seti nzima ya watu saba katika chumba cha mita 4 kwa 4. Viti viwili imara vya kuegemea mkono vinawatosha wazee. Kilichotupa seti ni kanuni ya madukani kwamba kochi la watu watatu, la wawili na mawili ya mtu mmoja mmoja huuzwa pamoja na meza yao na vistuli vyake, na familia nyingi hulipia viti ambavyo hukaliwa tu siku za msiba na posa, siku ambazo kwa kawaida watu hutandika majamvi nje na kukodi viti vya plastiki.

Historia ya karibu inatupa nafasi ya kuachana na kanuni hiyo, maana samani nyingi za mijini kwetu zingali zinatengenezwa kwa kuagizwa. Keko, Dar es Salaam, na Gikomba, Nairobi, ni maeneo ya mafundi wadogo wanaofanya kazi kando ya barabara, mteja akija na picha au na vipimo vyake. Fundi wa Keko anaweza kuzungusha kona za kabati kwa randa na msasa kabla hajapaka vanishi, anaweza kulifanya liwe pana chini na fupi, kulitobolea mgongoni ili lifungwe ukutani kwa skrubu, kuacha nafasi ya kidole katika mlango ili usibane mkono. Mninga na mkongo vina uzito unaofanya kazi ya kasha la zamani. Msonobari wa Sao Hill ni mwepesi na wa bei nafuu, na kabati lake lisiachwe bila kufungwa ukutani. Ni vizuri kumuuliza fundi rangi aliyonayo, kwa sababu rangi za mafuta za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na mtoto anayeota meno hutafuna mbao. Vanishi ikishakauka kabisa ina mashaka kidogo kuliko rangi ya kopo lisilo na maelezo. Fundi hafanyi hayo kwa hiari yake kwa kuwa hajaambiwa. Yeye huiga picha, na picha anazoletewa ni za sebule zisizo na watoto.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi suluhisho ni kununua samani za mtoto mwenyewe. Kitanda chenye fito pembeni kina faida kwa miezi ya mwanzo, ilimradi fito zimekaribiana kiasi kwamba kichwa hakipiti na godoro limejaa bila kuacha mwanya. Kiti kirefu cha kulia ni samadari iliyorudi kwa umbo dogo: kinamwinua mtoto hadi kimo cha meza ya wakubwa, na kama samadari kinadai mtu wa kukaa karibu. Kitanda cha deka kilitoka katika mabweni ya shule na kambi, kilikobuniwa kwa ajili ya vijana waliopangwa wengi mahali padogo. Kuingizwa kwake nyumbani kunaeleweka pale chumba ni kidogo, lakini ghorofa yake ya juu haikukusudiwa mtoto wa miaka minne, hata kama fundi ameipaka rangi ya waridi na kuchora vipepeo. Katika vifaa hivi, kilichobadilisha kweli usiku wa mtoto wa Afrika Mashariki ni chandarua. Mpango wa Hati Punguzo ulioanza Tanzania mwaka 2004 uliwasaidia wajawazito kununua vyandarua kwa bei ndogo, na tangu hapo kitanda kinapaswa kuchaguliwa kwa kuuliza kwanza chandarua kitafungwa wapi. Nguzo nne za kitanda cha besera zilikuwa zimeshalijibu swali hilo. Vitanda vingi vya kisasa vimeziondoa, na chandarua hutungikwa kwa msumari mmoja, kikaning'inia na kumgusa mtoto aliyelala, na mbu humwuma kupitia hapo alipogusana nacho.

Inafurahisha kwamba sakafu imeanza kurudi kwa mlango wa heshima. Katika nyumba nyingi za Mombasa, Unguja na Dar es Salaam sasa hutengenezwa majlisi, makalio mafupi ya sponji yaliyopangwa kando ya kuta tatu, zulia katikati, bila meza. Mtindo huu umeletwa na ndugu wanaokwenda na kurudi Oman na Ghuba, na huuzwa kwa bei ambayo ingemshangaza msuka mikeka. Wapo wanaounung'unikia kuwa ni uigaji wa Waarabu. Wakipitia tena vyumba alivyovieleza Salme wataona kwamba kukaa chini kando ya ukuta hakuhitaji kuagizwa kutoka kokote. Kasoro yake iko kwenye vitambaa. Mahameri yenye nyuzi za dhahabu haifuliki, na mzazi anayeagiza majlisi akiwa na mtoto wa umri wa kumwaga afadhali amwambie fundi cherehani amtilie zipu kwenye kila foronya, atumie kitambaa cha pamba kizito cha rangi iliyokolea, na ashone seti mbili, ili moja ikiwa kambani nyingine iko kazini.